Jino la Mpiga Tarumbeta

Nakuru hakuna lawama ambayo maji hayajabebeshwa. Birika ikitoboka, ni maji. Chai ikikosa ladha, ni maji. Na mtu akicheka ukayaona meno yake ya kahawia, utaambiwa kabla hujauliza: ni haya maji yetu ya visima, ndivyo yalivyo. Kwa hilo la rangi, watu wa Nakuru wana haki yao. Lakini mtaa ukizoea kumsingizia mtu mmoja kila wizi, wezi wengine wote hulala usingizi mnono.

Makokha alikuwa mmoja wa hao walioyasingizia maji. Alikuwa fundi wa rejeta mwenye miaka hamsini na mmoja, mjukuu wa mtu aliyetoka Bungoma kuja kufanya kazi ya reli. Kibanda chake kilikuwa upande wa viwandani, na siku sita za wiki alishinda hapo akizibua na kulehemu rejeta za malori, zile zinazopoza injini. Siku ya saba alivaa sare ya bendi ya kanisa, akapiga tarumbeta.

Bendi yao ilikuwa na desturi moja. Marehemu akishushwa kaburini, bendi nzima hupiga wimbo wa kuaga, na ukifika ubeti wa mwisho wote hushusha sauti, tarumbeta moja ikapanda juu peke yake. Huko huitwa kumpandisha marehemu. Kwa miaka ishirini na mitatu, aliyepandisha alikuwa Makokha. Alipopanda yeye, akina mama waliokwisha kunyamaza walianza kulia upya, na wanaume wakakumbuka ghafla kwamba viatu vyao vina vumbi.

Mama yake, Eucabeth, alikuwa na miaka sabini na minane na kisukari cha siku nyingi. Alikuwa ameshasema mbele ya watoto wake wote, bila kupepesa: "Mimi sitaki maua wala gari la kukodi. Nataka Makokha anipandishe." Makokha akaahidi. Ahadi kwa mama mzazi, na ya siku kama hiyo, si kitu cha kurudi nyuma.

Sasa, Jumamosi moja ya Januari, kwenye mazoezi ya alasiri, Makokha alipanda kwenye ile sauti ya juu akahisi kitu kikisogea mdomoni. Lilikuwa jino la mbele la juu, upande wa kushoto. Lilirudi nyuma kidogo kama msumari uliopigiliwa kwenye ubao mbovu. Sauti ikakwaruza, ikakatika. Wanyonyi, kiongozi wa bendi, akashusha kijiti chake.

"Makokha, uko sawa?"

"Ni hii valvu inashika," Makokha akadanganya.

Akachomoa kile kikombe kidogo cha shaba kinachokaa mdomoni, akakifuta kwa leso. Leso yenyewe ilikuwa ya buluu iliyokolea. Ulikuwa mwaka wa tatu hajanunua leso nyeupe, na hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini.

Damu ilikuwa imeanza kidogo kidogo, asubuhi anapopiga mswaki. Naye akafikiri kama wengi wanavyofikiri: mswaki ndio unaoleta damu, basi tuupunguze mswaki. Akawa anaruka pale panapotoka damu, na pale pasipotoka anasugua kama anayesugua sufuria, tena kwa unga wa makaa na mswaki mgumu kuliko yote dukani, akiutafuta weupe alionyimwa tangu utotoni. Fizi zikavimba, zikawa na rangi ya zambarau. Pumzi ikaanza kunuka, hata akawa anaongea na wateja akiangalia pembeni. Uvimbe ukizidi, alipita duka la dawa, akapewa vidonge, ukashuka, akamshukuru Mungu. Baada ya miezi miwili ukarudi. Na katika hayo yote hakuumwa. Hapo ndipo penye ujanja wa ugonjwa huu: hauji kwa kishindo. Ungemuuma kama jino lililotoboka, angefika hospitalini siku ya kwanza. Badala yake ulimla polepole, kwa adabu kabisa, naye akauita maji.

Aliyeuumbua ni mke wake, Mercyline. Jumatatu alikuwa akifua, akaisuuza ile leso ya buluu, na maji ya beseni yakageuka rangi. Akaichukua hivyo hivyo ikichuruzika, akaenda kusimama mbele ya mumewe aliyekuwa akinywa chai.

"Baba Joy, hii ni nini?"

"Ni fizi tu. Si unajua maji ya hapa."

"Mimi pia nakunywa hayo maji. Mbona leso zangu ni safi?"

Makokha akafungua mdomo ajibu. Mercyline akainama, akachungulia ndani ya kinywa cha mumewe kama mtu anayechungulia kisima, kisha akakaa chini.

"Wewe unangoja meno zianguke ndiyo unipatie nikuwekee kwa kabati?" akasema. Alitaka iwe utani, lakini hakucheka, na Makokha akaogopa. Kesho yake wakaenda mjini kwa daktari wa meno.

Daktari Wangare alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa chekechea. Alimlaza Makokha kwenye kile kiti, akashika kijichuma chembamba chenye alama za kupimia, akaanza kukiingiza kati ya ufizi na jino, akimtajia namba msaidizi wake aandike. "Tatu. Tatu. Tano." Makokha akazisikiliza. Yeye ni fundi, alijua maana ya kuchovya chuma chenye alama ili kupima kina. Lakini katika kupima huku hakujua kama namba kubwa ni heri au ni balaa. "Sita," daktari akaendelea, naye akifika mbele sauti yake ikapoa. "Saba. Nane."

Msaidizi akainua macho kidogo. Makokha akajua.

"Daktari, hii si maji?" akauliza alipoachiwa mdomo.

"Maji iliweka rangi, mzee, na iliweka ukiwa mtoto. Maji haijawahi kung'oa mtu jino." Akampa kioo cha mkononi. "Angalia hapa nyuma. Unaona hiyo kitu ya njano imeshika kama simiti? Huo ni ukoga. Wewe unafanya kazi gani?"

"Rejeta."

"Sawa. Ukifungua rejeta imewekwa maji ya bomba miaka mingi, unapata nini ndani?"

"Magamba. Magumu kama jiwe."

"Yanatoka na brashi?"

"Hayatoki. Lazima ukwangue."

"Na ukiyaacha?"

Makokha alikuwa ameshawagombeza madereva wangapi kwa jambo hilo hilo? Umeleta rejeta ikiwa imekufa, ulikuwa wapi ilipoanza kuchemsha? Alijua yaliyo chini ya magamba: chuma kinaliwa kimyakimya, na siku ya tundu kuonekana, hakuna tena pa kulehemu.

"Basi ni hivyo hivyo," daktari akasema. "Ule uchafu laini unatoka na mswaki. Ukiuacha siku chache unakuwa jiwe. Jiwe linaingia chini ya ufizi, wadudu wanajificha hapo, ufizi unaachana na jino. Halafu mfupa unaoshika jino unaanza kuisha. Hiyo damu ilikuwa inakuita, na wewe ukaacha kupiga mswaki mahali inakuita. Nyumbani kuna mtu yuko na sukari?"

"Mama."

Akadungwa kidole, damu ikapimwa, ikaonekana sukari yake imeanza kupanda. Daktari akatikisa kichwa. "Utaenda clinic ya sukari wiki hii. Hizi mbili hutembea pamoja. Sukari ikiwa juu fizi haziponi, na fizi zikioza sukari inakuwa ngumu kushuka."

"Mfupa utarudi?"

"Mfupa ukienda, umeenda. Chenye tunaweza ni kusimamisha hapo ulifika." Akaeleza mpango wake. Angekwangua ule ukoga mpaka chini ya ufizi, kwa sindano ya ganzi, leo upande mmoja na wiki ijayo ule mwingine. Lile jino linalocheza na mwenzake wa kando angeyafunga pamoja kwa nyuma na waya mwembamba yashikane. Kisha kazi ingebaki kwa mwenye mdomo: mswaki laini, ulioinamishwa kuelekea ufizi, taratibu, dakika mbili, asubuhi na baada ya chakula cha jioni, uzi wa meno kupita kila pengo, na kurudi kusafishwa kila baada ya miezi mitatu.

"Na tarumbeta?" Mercyline akauliza, kwa kuwa mumewe hakuthubutu.

"Tarumbeta gani?"

Wakamweleza. Daktari Wangare akavua glavu polepole.

"Mzee, ukisukuma chuma juu ya jino halina mfupa, utaling'oa mwenyewe bila koleo. Usiiguse wiki kumi na mbili. Hata siku moja."

Njia yote ya kurudi nyumbani kwao Kiamunyi, Makokha alihesabu kwa vidole, nusu ya uso imekufa ganzi. Wiki kumi na mbili. Mama yake alikuwa amelazwa mara mbili tangu Oktoba. Mguu wake wa kulia ulikuwa na kidonda kisichofunga. Nani angethubutu kumwambia mama huyo kifo kingoje hadi Aprili?

Aliingia chumbani mwa mama yake, aliyekuwa akiishi nao, akiwa amejiandaa kumdanganya, lakini Eucabeth hakuwa mtu wa kudanganyika. Alikuwa ameketi kitandani, mkono karibu na mdomo kama kawaida yake. Kinywani hakuwa na jino hata moja. Yalianza kucheza akiwa na miaka thelathini na kitu, enzi zile wakiishi landi za reli, nyumba za mstari za wafanyakazi, na jirani mmoja fundi wa karakana aliyang'oa kwa koleo na maji ya chumvi, moja baada ya jingine, kwa muda wa miaka kumi na moja. Kila lilipong'oka, landi nzima ilitoa hukumu ile ile: ni maji. Tangu wakati huo hakucheka bila kuziba mdomo.

Makokha akamweleza yote: ukoga, magamba, namba nane. 

"Kwa hivyo yangu yangepona?" Eucabeth akauliza.

"Daktari anasema... mengine yangebaki, Mama."

Eucabeth aliutazama mkono wake, ule uliomziba mdomo miaka arobaini. "Na mimi ndiye niliwaambia nyinyi wote ni maji," akasema. "Mtoto akitema damu, nasema ni maji. Nilikuwa nawafundisha."

"Mama, hata wewe uliambiwa."

"Niliambiwa." Akavuta shuka. "Wiki ngapi umesema?"

"Kumi na mbili."

"Sawa. Nitangoja."

Makokha alitaka kucheka akashindwa, maana mama yake hakuwa akitania. Alikuwa amekubali miadi.

Wiki ya kwanza damu ilizidi badala ya kupungua. Kila uzi ulipopita, ulitoka mwekundu, na Makokha akatamani kuacha kama alivyoacha zamani. Mercyline alisimama mlangoni mwa bafu mikono kiunoni. "Piga hapo hapo panatoka damu," alisema. "Daktari alisema ndio hapo." Naye akapiga, taratibu, mtu mzima anayelehemu chuma chenye moto bila woga akiogopa kijiti chenye nywele laini. Sukari akaiacha kwenye chai, jambo lililomuuma kuliko sindano. Wiki ya tatu uzi ulitoka na rangi ya waridi tu. Wiki ya tano, siku mbili mfululizo, hakuona kitu.

Lakini mama alikuwa akishuka kadiri fizi za mwanawe zilivyopanda. Wiki ya sita kidonda kikaanza kunuka, akalazwa. Makokha alifunga kibanda mapema kila siku kwenda kumwona, na kila siku aliulizwa swali moja kabla ya salamu.

"Wiki ya ngapi?"

"Ya sita, Mama."

"Fungua mdomo nione."

Akainama pale kitandani, jitu zima lenye mikono ya grisi, akafungua mdomo. Mgonjwa wa kitanda cha pili alishangaa nani hasa anayetibiwa. Eucabeth alitazama kwa makini, akaitikia kwa kichwa, akajilaza tena kwenye mto.

Wiki ya nane walimwambia sumu imeingia kwenye damu. Siku hiyo Makokha alirudi kibandani, akaitoa tarumbeta kwenye kasha, akasimama nayo. Angejaribu sauti moja tu, ajue kama bado yumo. Akaiinua hadi shaba baridi ikagusa mdomo. Jino la kushoto likaihisi. Akakumbuka koleo. Akairudisha kwenye kasha, akafunga, na ufunguo akampelekea Mercyline auweke anakojua yeye.

Wiki ya tisa mama alikuwa haongei tena vizuri. Aliinua vidole akivikunja, naye Makokha akaelewa. "Ya tisa, Mama." Eucabeth akafumba macho kama mtu aliyeambiwa gari bado halijafika.

Alikufa katikati ya wiki ya kumi, saa nne asubuhi. Alikuwa amengoja kadiri alivyoweza.

Wanyonyi alifika nyumbani siku ya pili, akavua kofia, akakaa. "Ndugu yangu, sisi tunajua hali yako," akasema. "Kahiga wa tarumbeta ya pili anaweza kupandisha. Amefanya mazoezi."

"Atanipandishia mama yangu nikiwa nimesimama hapo?"

"Sasa utafanyaje?"

Kesho yake Makokha alikuwa kwa Daktari Wangare, naye akalala tena kwenye kile kiti. Chuma kikaingia. Alikaza vidole kwenye pembe za kiti, akisubiri namba. "Tatu. Mbili. Tatu." Daktari akasogea mbele. "Tatu. Nne. La kushoto, tano." Akalisukuma kidogo kwa ncha ya kidole. "Limeshikana, lakini bado linacheza kidogo. Mzee Makokha, umefanya kazi nzuri. Sijui watu wengi wangeweza."

"Mama anazikwa Jumamosi."

Daktari Wangare akakaa kwenye kistuli chake. "Siwezi kukuambia sawa," akasema mwishowe. "Nakuambia hivi: wimbo mmoja. Sauti ya chini. Shaba iguse mdomo tu, isikandamize. Ukienda juu lazima usukume, na ukisukuma, hilo la kushoto litabaki ndani ya kikombe. Wewe ndiye utaamua."

Jumamosi watu walijaa kwenye shamba dogo la Kiamunyi hadi kwenye ua wa jirani. Bendi ilijipanga upande wa juu wa kaburi. Makokha alisimama mahali pake pa miaka ishirini na mitatu, tarumbeta mkononi. Kamba zikaanza kulegezwa. Wanyonyi akainua kijiti.

Beti tatu za kwanza alipiga chini, pamoja na wenzake, shaba ikigusa mdomo kama mtu anayepuliza uji wa moto. Sauti ilitoka nyembamba lakini ilitoka. Ubeti wa nne ukaanza. Bendi ikashusha. Watu wote wakainua nyuso, maana walijua kinachofuata. Dada zake walikwishaanza kulia kabla ya wakati. Mkono wake wa kushoto ukavuta tarumbeta wenyewe kuelekea mdomoni, kwa mazoea tu, na akalihisi lile jino likiguswa, likianza kucheza. Sauti ya juu ilikuwa pale pale. Kusukuma kidogo, pumzi moja, na ahadi imetimizwa. Kuna mtoto gani asiyetoa jino moja kwa mama yake?

Akilini akauona mkono wa mama yake ukienda kuziba mdomo.

Akalegeza. Hakupanda. Alipiga ubeti wote wa mwisho chini, pale pale sauti za wanaume zinapokaa, polepole, bila pambo. Watu waliendelea kuinua nyuso wakingoja, na sanduku likafika chini bado wakingoja. Nyuma mtu alinong'ona, "Makokha amezeeka." Mwingine akasema, "Ni uchungu." Kahiga alimtazama, akatazama chini. Wanyonyi akateremsha kijiti, na wimbo ukaisha bila mtu kupandishwa. Makokha aliona aibu iliyomchoma hadi masikioni, na alilia hapo hapo mbele ya watu, wala hakuigusa leso.

Udongo ulipojaa na watu wakaelekea kwenye chakula, alikwenda nyuma ya nyumba kwenye bomba la maji, akiwa bado na sare. Mfukoni mwa koti alikuwa na mswaki laini alioufunga kwenye karatasi. Wapishi walimwona, wakadhani msiba umemvuruga akili. Akaupiga kama alivyofundishwa, ukiwa umeinama kuelekea ufizi, dakika mbili, mahali pote, na kwa muda mrefu zaidi pale mbele upande wa kushoto. Alikuwa akiogopa kutema. Mercyline alikuja akasimama kando yake.

Makokha akafumba macho, akainama, akatema juu ya jiwe jeupe lililo chini ya bomba, akafungua macho.

Povu lilikuwa jeupe tupu. Akalisukuma jino kwa ulimi, nalo likakataa kwenda.

"Mama Joy," akasema, "hakuna damu."